Maili, leuga na parasangi: shajara ya kupima barabara za Ramani ya Peutinger

Lengo

Ramani ya Peutinger ni utepe wa ngozi wenye urefu wa karibu mita 6.75 na kimo cha sentimita 34 tu. Imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Austria mjini Vienna. Ni nakala iliyochorwa kama mwaka 1200 kutokana na ramani ya kale zaidi, ya zama za Dola ya Kirumi. Barabara zake ni mistari myekundu. Penye kituo, mstari unapinda kidogo, kisha unaendelea. Hapo pameandikwa jina la kituo na namba ya Kirumi inayotaja umbali hadi kituo kinachofuata.

Inatajwa namba, lakini kipimo hakitajwi. XII ya nini? Karibu kote kwenye ramani msomaji anaachiwa ajue mwenyewe, kama alivyojua mtu wa zama zile aliyeishi kando ya barabara hiyo.

Mradi wangu ni kujaza jedwali: kituo hadi kituo, namba kama ilivyoandikwa, kipimo chake, na kilomita. Mimi ni mpima ardhi, na katika kazi yetu namba isiyo na kipimo hairuhusiwi kuingia kwenye mchoro. Nataka kila kipimo kiwe na ushahidi wake: maandishi ya mtu wa wakati ule, jiwe la barabarani lililochongwa umbali, au hesabu inayokubaliana na ardhi yenyewe.

Kwa nini namba na si mchoro? Kwa sababu urefu wa ramani ni kama mara 20 ya kimo chake. Bahari ya Mediterania imebanwa ikawa mfereji mwembamba, Italia imelazwa ubavu, Roma na Carthage zinatazamana kana kwamba ni ng'ambo ya mto. Hatua mbili zilizoandikwa XII huweza kuchorwa moja ndefu na nyingine fupi, kutegemea nafasi ya kuandika jina. Ukipima mistari kwa rula hupati kitu. Umbali wote umo katika tarakimu.

Kidogo juu ya safari ya ramani yenyewe. Msomi Konrad Celtes ndiye aliyeipata, na mwaka 1508 akamwachia kwa wosia Konrad Peutinger wa Augsburg, ambaye jina lake likabaki nayo. Ilichapishwa kwa ukamilifu mara ya kwanza mwaka 1598. Baadaye ikawa mali ya Mwanamfalme Eugene wa Savoy, na baada ya kifo chake mwaka 1736 ikaingia maktaba ya kifalme mjini Vienna. Vimebaki vipande 11. Ncha ya magharibi, yenye Hispania na sehemu kubwa ya Britania, imepotea. Mwaka 2007 UNESCO iliiingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Januari: maili

Nimeanza na kipimo ambacho hakina ubishi mkubwa. Maili ya Kirumi ni hatua elfu moja, na hatua yao ni futi tano: mguu wa kulia unapoinuka hadi unapotua tena. Futi ya Kirumi ina kama sentimita 29.6, kwa hiyo maili ni futi 5,000, sawa na mita 1,480 hivi. Ni fupi kuliko maili ya Kiingereza kwa kama mita 130. Ile "maili moja" ya kwenye Injili ya Mathayo, ambayo mtu analazimishwa kuitembea, ni hii hii ya Kirumi.

Walipimaje? Vitruvius, mhandisi wa enzi za Kaisari Augusto, anaeleza katika kitabu chake cha 10 gari lenye kifaa cha kuhesabu. Mzunguko mmoja wa gurudumu ni futi 12 na nusu. Gurudumu likizunguka mara 400, futi 5,000 zimetimia. Hapo meno ya magurudumu ya ndani yanafungua tundu na kijiwe kinaangukia kwenye chombo cha shaba kwa mlio. Mwisho wa safari unahesabu vijiwe, umepata maili zako. Leo bado tunasukuma gurudumu la kupimia barabarani, na kanuni yake haijabadilika.

Kabla ya kuigusa ramani nilitaka barabara ya kupimia kipimo chenyewe. Nikachagua Via Appia kutoka Roma kwenda kusini-mashariki, kwa sababu mwanzo wake ni barabara iliyonyooka mno, kwa hiyo umbali wa barabara na umbali wa mstari mnyoofu unakaribia kuwa kitu kimoja. Orodha ya kale ya barabara inayoitwa Safari ya Antoninus inatoa: Roma hadi Aricia 16, Aricia hadi Tres Tabernae 17, Tres Tabernae hadi Forum Appii 10. Msomaji wa Matendo ya Mitume anavifahamu vituo viwili vya mwisho: ni Mikahawa Mitatu na Soko la Apio, mahali ndugu wa Roma walipokuja kumlaki Paulo.

Jumla ni 43. Zidisha kwa 1.48, unapata kilomita 63.6. Nimechukua viwianishi vya Forum Appii kutoka Pleiades, kamusi ya mtandaoni ya mahali pa kale ambayo yeyote anaweza kuitumia, nikapima mstari mnyoofu kutoka lango la kale la Roma ambapo Via Appia ilianzia. Ni karibu kilomita 63. Kwa barabara iliyojengwa miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, na kwa namba zilizonakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi, hayo ni makubaliano ya kufurahisha sana. Maili imeingia kwenye jedwali kwa mita 1,480.

Februari: alama ya Lugdunum

Ipo sehemu ambapo ramani yenyewe inavunja ukimya wake. Karibu na Lugdunum, ndiyo Lyon ya leo, mchoraji ameandika kwamba huo ndio mji mkuu wa Gallia (takriban Ufaransa ya leo), na kuongeza maneno *usque hic legas*: mpaka hapa, leuga. Maneno matatu tu, lakini ndiyo yanayobeba mradi huu. Yanasema kwamba namba za upande wa Gallia hazihesabiwi kwa maili.

Leuga kilikuwa kipimo cha Wagalli, na Warumi walipoitawala nchi hawakukifuta. Walikifunga kwenye mfumo wao kwa uwiano: leuga 1 ni maili 1 na nusu, yaani hatua 1,500, futi 7,500, kama mita 2,220. Mawe ya barabarani ya Gallia na Germania yanaonyesha mabadiliko hayo waziwazi. Tangu enzi za Kaisari Septimius Severus, mwanzoni mwa karne ya 3, mawe mengi huko yanaandikwa L, yaani leuga, badala ya M P, yaani maili.

Shahidi mzuri kuliko wote ni Ammianus Marcellinus, mwanajeshi aliyeandika historia katika karne ya 4 na aliyekuwa ameitembea Gallia mwenyewe. Anasema kwamba pale mto Saône unapoingia mto Rhône ndipo Gallia inapoanza, na kutoka hapo safari hazipimwi kwa maili bali kwa leuga. Mahali pale pale ramani ilipoweka alama yake. Tena, akisimulia mapigano ya Strasbourg ya mwaka 357, anataja umbali wa leuga 14 na kumfafanulia msomaji wake: yaani maili 21. Gawanya 21 kwa 14. Uwiano wa moja na nusu umetoka kwenye kalamu ya mtu aliyekuwa akiishi nao.

Mstari wa mpaka, hata hivyo, haupiti Lyon peke yake. Gallia ya kusini, jimbo la Narbonensis, ilikuwa chini ya Roma tangu karne ya 2 KK, mapema kuliko sehemu nyingine, na ilibaki na maili. Hili linaonekana vizuri katika orodha ya msafiri Mkristo aliyetoka Bordeaux kwenda Yerusalemu mwaka 333. Kutoka Bordeaux hadi Toulouse anaandika leuga. Akitoka Toulouse anaanza kuandika maili, na kituo cha kwanza kinaitwa Ad Nonum, penye la tisa, nacho kiko maili 9. Kinachofuata ni Ad Vicesimum, penye la ishirini, maili 11 mbele. Tisa na kumi na moja ni ishirini. Majina ya vituo yenyewe yanathibitisha kwamba hesabu ya maili ilianzia Toulouse. Anayepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kupita Maili Moja ya Kibaha, au mkazi wa Eldoret anayeteremkia Maili Nne, hahitaji kuelezwa mantiki ya majina hayo.

Kitu kingine kimenigusa katika orodha hiyo. Ilipofika Arles, mwandishi alijumlisha: kutoka Bordeaux ni maili 371. Maili, ingawa sehemu ya kwanza yote aliiandika kwa leuga. Kwa hiyo mtu fulani wa mwaka 333 aliketi akabadili leuga kuwa maili kabla ya kujumlisha. Kilomita zake zinafika 549, na kwa barabara inayozunguka kupitia Toulouse na Narbonne, hizo zinakubalika. Mchoraji wa Ramani ya Peutinger hakufanya hivyo. Alichukua namba za kila eneo kama alivyozikuta, akaziweka kwenye mstari mwekundu mmoja, na kuacha ile alama ya Lugdunum kuwa onyo.

Machi na Aprili: Mto Rhine

Huu ndio mwezi wa kazi yenyewe, tena nusu ya mwezi uliofuata.

Alama ya Lugdunum inasema leuga zipo, lakini haisemi zinaishia wapi kaskazini na mashariki. Nilihitaji jaribio lisilotegemea maneno ya mtu. Nimelipata katika kanuni ambayo hakuna mpima ardhi atakayeipinga: barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari mnyoofu unaounganisha ncha zake. Kama ukiisoma namba kwa kipimo fulani na ukapata umbali ulio chini ya mstari mnyoofu, basi ama kipimo si hicho, ama namba imeharibika. Ndilo nililoliita jaribio la mstari mnyoofu, na sasa lina safu yake kwenye jedwali.

Barabara niliyoichagua inafuata ukingo wa kushoto wa Rhine kutoka Köln hadi Mainz, nchini Ujerumani. Miji yake karibu yote ipo hadi leo, na majina yake yamebadilika kidogo tu, kwa hiyo hakuna wasiwasi kituo kilikuwa wapi. Ramani inasoma: Agripina hadi Bonnae XI, hadi Rigomagus VIII, hadi Antunnaco VIIII (yaani 9), hadi Confluentes VIIII, hadi Bontobrice VIII, hadi Vosavia VIIII, hadi Bingium VIIII, hadi Mogontiaco XII. Leo ni Köln, Bonn, Remagen, Andernach, Koblenz, Boppard, Oberwesel, Bingen, Mainz.

Jumla ni 75.

Ukizisoma kuwa maili, Köln hadi Mainz ni kilomita 111. Mstari mnyoofu kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 140, tena huo unakata milima ambayo hakuna barabara ya Kirumi iliyoipita. Maili imeanguka papo hapo. Ukizisoma kuwa leuga, unapata kilomita 166. Nilipojumlisha mistari minyoofu ya kituo hadi kituo, nikifuata mapinda makubwa ya bonde, nilipata kama 158. Barabara ina ziada ya kilomita chache juu ya mistari minyoofu, kama inavyotakiwa barabara yoyote inayofuata mto. Sikutegemea ithibati safi namna hii.

Lakini jumla ikipendeza huficha mambo, kwa hiyo nimeshuka hatua kwa hatua. Andernach hadi Koblenz, leuga 9 ni kilomita 20, mstari mnyoofu ni kama 17: sawa. Koblenz hadi Boppard, kilomita 17.8 kwa mstari wa 14 na kidogo: sawa, mto hapo umejipinda sana. Boppard hadi Oberwesel: sawa. Köln hadi Bonn, leuga 11 ni kilomita 24.4, kambi ya jeshi la Kirumi ya Bonn ilikuwa kaskazini mwa katikati ya mji wa leo, kwa hiyo mstari mnyoofu unakuwa kama 23. Sawa.

Kisha zinakuja hatua zinazobana. Bingen hadi Mainz, leuga 12 ni kilomita 26.6, na mstari mnyoofu ni karibu hiyo hiyo. Oberwesel hadi Bingen, vivyo hivyo, kilomita 20 kwa 20, hali bonde pale halijanyooka. Bonn hadi Remagen inashindwa kabisa: leuga 8 ni kilomita 17.8, mstari mnyoofu unakaribia 20.

Sababu ya kwanza ya kufikiria ni ukadiriaji. Ramani haina nusu. Kila namba imefikishwa kwenye leuga nzima, na leuga nzima ni zaidi ya kilomita mbili. Hatua moja ikipunguzwa na jirani yake ikaongezwa, jumla inabaki nzuri. Andernach hadi Koblenz imezidi, Bonn hadi Remagen imepungua. Hilo linatosha kueleza mengi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi.

Mei: leuga ina urefu gani hasa?

Mita 2,220 ni urefu wa kwenye karatasi: moja na nusu mara maili. Wapo watafiti wa Ufaransa waliopima umbali kati ya mawe ya leuga yaliyobaki mahali pake na kusema kwamba leuga ya ardhini ilikuwa ndefu zaidi, mita 2,400 na zaidi kidogo. Ukitumia mita 2,450, Bonn hadi Remagen inakuwa kilomita 19.6 na kukaribia sana kupita jaribio. Bingen hadi Mainz inapata nafasi ya kupumua. Lakini jumla ya Köln hadi Mainz inafika kilomita 184, na hiyo inalingana na reli ya leo inayofuata kila pinda la mto.

Kuna jambo linaloipa leuga ndefu nguvu. Futi ya kawaida ya Roma haikuwa futi pekee katika dola. Katika nchi ya Watungri, karibu na Tongeren ya Ubelgiji leo, ilitumika futi iliyoitwa ya Drusus, ambayo ilizidi ya Roma kwa sehemu moja ya nane, yaani sentimita 33.3. Futi 7,500 za namna hiyo ni mita 2,500 hivi. Tongeren ndipo pia lilipochimbuliwa jiwe mashuhuri lenye njia kadhaa za kwenda miji ya Gallia na Germania, umbali wote ukiwa kwa leuga.

Uamuzi wangu: jedwali linabaki na mita 2,220 kama thamani ya kuanzia, kwa sababu ndiyo iliyo na shahidi aliyeishi wakati ule, Ammianus na maili zake 21. Ila nimeongeza safu ya pili yenye mita 2,450, ili kila hatua ya Gallia na Germania ionekane kwa thamani zote mbili sambamba na mstari mnyoofu. Naamini kabisa kwamba palikuwa na leuga ya makarani na leuga ya wapimaji wa mashinani, na kwamba zilitumika kwa wakati mmoja. Nimeyaona hayo hayo katika kazi: ekari ya kwenye hati na ekari ya mkulima aliyepima shamba lake kwa hatua hazilingani, na kila mmoja anaitetea yake kwa moyo wote.

Juni: tarakimu zilizoumia

Mnakili wa mwaka 1200 alikuwa akifanya kazi ya kuchosha. Tarakimu za Kirumi zinaharibika kwa urahisi: wino wa V ukiachana chini unasomeka II, na II zikigusana zinasomeka V, mguu mmoja wa X ukififia inabaki V, katika VIIII ni rahisi kudondosha kijiti kimoja. Hatua nyingine hazina namba kabisa, na mahali pengine namba imesogea ikakaa upande usio wake wa kituo.

Nimejiwekea sharti. Namba iliyo kwenye ngozi haiguswi: inabaki katika safu yake milele. Masahihisho yana safu tofauti, na yanaingia tu pale Safari ya Antoninus au jiwe la barabarani linapotoa namba nyingine na namba hiyo ikapita jaribio la mstari mnyoofu. Kusahihisha kwa sababu tu hesabu haijapendeza hakuruhusiwi. Hata Safari ya Antoninus nayo ina ugonjwa wake: kwenye baadhi ya barabara za Gallia inasema maili wakati hesabu inaonyesha ni leuga, kwa maana aliyeikusanya aliandika kichwa kimoja juu ya orodha za vipimo viwili.

Nadhani jambo hili linaeleza ramani nzima. Pompeii bado ipo juu yake, ingawa mji huo ulifukiwa na Vesuvius mwaka 79. Konstantinopoli nayo ipo, imechorwa kama mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha enzi, na mji huo ulizinduliwa kwa jina hilo mwaka 330. Jangwa ambalo wana wa Israeli walitangatanga miaka 40 limeandikwa pia. Ni tabaka juu ya tabaka, mkono juu ya mkono, na vipimo ni mojawapo ya njia za kutambua mkono mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia.

Julai: stadia, kwa haraka

Ugiriki na Asia Ndogo nilitegemea zitasumbua, kwa sababu Wagiriki walipima kwa stadia (umoja wake stadio), kipimo cha kama mita 185. Hazikusumbua. Barabara ni za Kirumi, mawe ni ya Kirumi, namba ni maili, na hatua nilizozijaribu zimepita.

Tatizo la stadia liko kwa waandishi, si kwenye ramani. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anaeleza kuhusu Via Egnatia, barabara ya kutoka pwani ya Adriatic kwenda mashariki hadi mto Hebrus: ina maili 535. Wengi, anasema, huhesabu stadia 8 kwa maili, na kupata 4,280; lakini mwanahistoria Polybius huongeza theluthi moja ya stadio kwa kila maili, na hivyo kuongeza stadia 178. Tofauti hiyo ni zaidi ya kilomita 30 kwenye barabara moja. Kwa hiyo umbali wowote ninaouchukua kwa mwandishi wa Kigiriki ili kulinganisha na ramani, kwanza naangalia alitumia 8 au 8 na theluthi.

Agosti na Septemba: ng'ambo ya Frati

Hapa kazi inabadilika sura. Upande wa mashariki kabisa wa ramani kuna Uajemi, India, maandishi kwamba mahali hapa huzaliwa ndovu, mahali pale nge, na pale Aleksanda alipopewa jibu la mungu. Pwani ya India ipo bandari ya Muziris, na kando yake hekalu la Augusto. Barabara zinaendelea kuchorwa kwa wino ule ule mwekundu kana kwamba Roma ilizijenga, na namba zinaendelea. Ila Roma haikuweka mawe yake huko.

Watafiti wengi wanaona kwamba namba za Uajemi ni parasangi, kipimo cha Waajemi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema parasangi 1 ni stadia 30, na Barabara ya Kifalme kutoka Sardis hadi Susa ilikuwa na parasangi 450, yaani stadia 13,500. Kwa stadio ya mita 185, parasangi ni karibu kilomita 5 na nusu. Wasomaji waliosoma fiqhi wanaijua ndugu yake wa baadaye, farsakhi, ambayo kwayo masafa ya kupunguza swala huhesabiwa kuwa farsakhi 16, kila moja ikiwa maili 3.

Ugumu ni kwamba parasangi haikuwa na urefu mmoja. Mwandishi Mrumi Plinio alilalamika tayari katika karne ya 1 kwamba Waajemi wenyewe wanaitaja parasangi, na pia kipimo kiitwacho skoini, kwa urefu tofauti tofauti. Skoini ya Misri ilikuwa mbaya zaidi: Strabo anataja stadia 30, 40, 60, hadi 120 kutegemea sehemu gani ya Nile. Naelewa ilitokeaje. Kipimo cha aina hii kilitegemea muda: mwendo wa msafara au wa wavuta mashua hadi kupumzika. Tambarare unakwenda mbali, mlimani unakwenda karibu, na jina la kipimo linabaki lile lile.

Jaribio la mstari mnyoofu bado linafanya kazi hapa, kwa upande mmoja. Linaweza kuitoa maili pale namba ni ndogo mno kwa umbali wa miji miwili inayojulikana mahali ilipo. Haliwezi kuchagua kati ya parasangi ya kilomita 5 na ya kilomita 6. Kwa hiyo kwa barabara za ng'ambo ya Frati nimeweka kwenye safu ya kipimo neno "si maili" pale jaribio linaporuhusu, na safu ya kilomita nimeiandikia kiwango cha chini na cha juu. Jedwali la namna hiyo halivutii macho, lakini mtu akilichukua kesho kuchora ramani yake hatapotoshwa.

Oktoba: XVI ya Vienne

Nimerudi Gallia kumalizia hatua moja iliyokuwa ikinisubiri: kati ya Vienne na Lyon. Ndipo mpaka wa maili na leuga unapopita, kwa hiyo nilijua haitakuwa nyepesi.

Safari ya Antoninus inatoa namba mbili kwa hatua hii: maili 23, au kwa njia ya mkato maili 16. Mwanafalsafa wa Roma Seneca naye, akimkejeli Kaisari Klaudio baada ya kifo chake mwaka 54, anasema Kaisari huyo mzaliwa wa Lyon alizaliwa kwenye jiwe la 16 kutoka Vienne. Kumi na sita, mara mbili, kutoka kwa watu wasiohusiana.

Sasa jaribu. Maili 16 ni kilomita 23.7. Mstari mnyoofu kati ya miji hiyo ni zaidi ya 26. Hakuna mkato duniani unaoweza kuwa mfupi kuliko mstari mnyoofu, kwa hiyo "njia ya mkato" ya maili 16 kutoka mji hadi mji haikuwahi kuwapo. Lakini chukua 16 uizidishe kwa moja na nusu: unapata 24, jirani wa karibu kabisa wa 23. Naona kwamba mkusanyaji wa orodha alikuwa na barabara moja mbele yake kwa vipimo viwili, leuga na maili, na namba mbili zisizolingana akazieleza kwa kubuni njia ya mkato. Kikwazo ni Seneca, ambaye anahesabu mawe kutoka Vienne, mji wa Narbonensis, jimbo la maili, tena miaka 150 kabla mawe ya leuga hayajaenea. Huenda kwake jiwe la 16 ni la mwisho kabla ya mpaka wa eneo la Vienne na kuingia la Lyon, na mtu wa Roma akisema hivyo alieleweka.

Namba zote mbili zimeingia kwenye jedwali. XXIII ina kipimo cha maili na imepita jaribio kwa kilomita 34. XVI imepewa safu mbili, ya maili ikiwa imeshindwa na ya leuga ikiwa imepita, pamoja na maelezo mafupi yanayomtaja Seneca. Kazi inayofuata ni kuteremka na Rhône kutoka Vienne kwenda Valence na Arles, nikipima kila hatua kwa maili na leuga pamoja, kuona kama ipo nyingine upande wa kusini iliyokataa maili.